Mfumo unafanya kazi kwenye kompyuta yangu, ukiwa hewani unasumbua: nihamie wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Mbagala, programu nimejifunza mwenyewe. Nimemtengenezea mwenye duka la vipuri vya magari pale Gerezani, Kariakoo, mfumo wa kupokea oda. Upande wa seva nimeandika kwa JavaScript, kwa kutumia Node na Express, kanzidata ni PostgreSQL. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kiko sawa. Nilipouweka hewani kwenye huduma ya wingu ya bure, kwanza uligoma kuwaka. Nilikuwa nimeandika app.listen(3000, 'localhost'), nikabadilisha mstari huo kwa kunakili wa mtu mwingine, ukawaka, ila sijui kwa nini. Sasa picha za vipuri zinapotea kila nikipandisha toleo jipya. Malipo mengine ya simu hayaonekani kwenye mfumo wakati mteja amekatwa hela. Na mwenye duka anasema ripoti ya siku hailingani na daftari lake. Rafiki yangu mmoja ananishauri nikodi seva nzima, mwingine anasema niende kampuni kubwa. Nihamie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usihame kwanza. Ukiuchukua mfumo huu kama ulivyo ukaupeleka kwingine, hata kwa kampuni ya bei mara kumi, sehemu kubwa ya matatizo haya utahama nayo. Yote uliyoyataja yana mzizi mmoja: umeuandika mfumo ukiamini kwamba mashine unayouendeshea ni yako, na kwamba kesho itakuwepo vilevile. Kwenye kompyuta yako ni kweli. Folda uliyoiacha jana ipo leo, saa ya mashine ni saa ya Dar, na programu haizimiki mpaka uizime wewe. Kwenye huduma ya wingu ya aina uliyochagua hujaahidiwa hata kimoja kati ya hivyo. Ni kama chumba cha gesti: leo umelala namba tano, kesho unaweza kupewa namba tisa, na ulichokiacha mezani kimeshafagiliwa.

Nianze na ule mstari, kwa sababu tatizo lililotibiwa bila kujulikana hurudi. Ulikuwa na makosa mawili ndani yake. La kwanza ni 3000. Namba ya poti, yaani mlango ambao programu inapokelea maombi, uliichagua wewe, wakati kwenye wingu anayechagua ni mwenye huduma, naye anakukabidhi kupitia kigezo cha mazingira (thamani inayowekwa nje ya msimbo, programu ikaisoma ikiwaka) kinachoitwa PORT. Kampuni ya wingu ya Render, kwa mfano, hukupa 10000 usipopanga nyingine. Heroku, kampuni nyingine kama hiyo, hukupa namba yoyote, na programu isipoishika ndani ya sekunde 60 inauawa. La pili ni 'localhost'. Hiyo ni anwani 127.0.0.1, ambayo husikia maombi yanayotoka ndani ya mashine hiyohiyo tu. Maombi ya wateja wako yanapita kwenye lango la mwenye huduma, kwa hiyo kwa programu yako yanatoka nje. Ndiyo maana logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya programu, ilikuonyesha programu iko hai na inasikiliza, huku mlangoni hakuna aliyepokewa. Mstari sahihi ni app.listen(process.env.PORT || 3000, '0.0.0.0'). Hiyo 0.0.0.0 maana yake ni sikiliza maombi kutoka popote. Kompyuta yako itaendelea kutumia 3000, na huko hewani itatumika namba iliyotolewa.

Njia hiyohiyo ya vigezo vya mazingira ndiyo ya kupitishia anwani ya kanzidata, nywila yake, na funguo za kampuni ya malipo. Visikae ndani ya msimbo. Na kama faili lako la .env, lenye vigezo hivyo, limewahi kupanda GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, hata kwa dakika moja, kulifuta hakutoshi, maana historia ya Git inalihifadhi. Nenda ukabadilishe funguo zenyewe leo, kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa picha. Umeandika mfumo upokee picha ya kipuri na kuihifadhi kwenye folda ya uploads kando ya programu. Huduma hizi, kila ukipandisha toleo jipya, hujenga kontena jipya (kisanduku ambacho programu inaendeshwa ndani yake) kutoka kwenye msimbo wako na kulitupa la zamani pamoja na kila kilichoandikwa ndani yake. Na si wakati wa kupandisha tu. Heroku huwasha upya programu angalau mara moja kwa siku, na nyingine hufanya hivyo zikikarabati mitambo yao. Kwa hiyo picha zingepotea hata kama usingegusa msimbo mwezi mzima.

Dawa yake ni kuzitoa picha nje ya mashine kabisa, uzipeleke kwenye hifadhi ya mafaili inayojitegemea. Amazon ilianzisha hifadhi yake ya S3 mwaka 2006, na hifadhi nyingi zilizokuja baadaye zinaongea lugha ileile, kwa hiyo maktaba moja ya Node inakutosha popote. Kwa duka la ukubwa huu mimi ningeanza na R2 ya Cloudflare, kwa sababu gigabaiti 10 za kwanza kila mwezi ni bure na hawakutozi picha zinapopakuliwa. Kwenye kanzidata unaweka jina la faili tu, na wala usiingize picha yenyewe kwenye PostgreSQL, kwa kuwa kanzidata itavimba na kila nakala ya akiba itakuwa mzigo.

Ukiwa hapohapo, zipunguze. Picha iliyopigwa na simu ya kawaida ina megabaiti tatu, nne. Fundi aliyeko Tandale anatafuta bushi ya gari ya mteja kwa bando la siku. Orodha ya picha 20 kama hizo inalimega bando lake, halafu anafunga ukurasa na kupiga simu duka jingine. Punguza upana hadi pikseli 1000 hivi kabla ya kuhifadhi, na picha nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200 bila fundi kuona tofauti. Jambo hili halihusu wingu moja kwa moja, lakini litampa mwenye duka faida kubwa kuliko kuhamia kampuni yoyote.

Malipo ndiyo yaliyonifanya nikujibu kwa urefu. Hela ya mtu imekatwa na duka halioni kitu. Wewe unajua ni hitilafu. Mteja anaona ameibiwa, na wa kwanza kulaumiwa ni yule kijana wa kaunta.

Fuatilia safari yenyewe. Mteja anaweka namba ya siri kwenye M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Mtandao unakata hela. Kisha seva ya mtandao, au ya kampuni inayokuunganisha nao, inatuma ujumbe kwenye anwani uliyoisajili: oda fulani imelipwa kiasi fulani. Hiyo ndiyo kolibeki. Huduma ya bure, isipopata mgeni kwa muda, inaizima programu yako. Kwa Render muda huo ni dakika 15, na kuiamsha kunaweza kuchukua hadi dakika nzima. Mtumaji wa kolibeki hakusubiri dakika nzima. Anakata, na kama hana utaratibu wa kurudia, ujumbe umepotea. Fungua logi zako ulinganishe: nina hakika utakuta malipo mengi yaliyopotea ni ya nyakati tulivu, asubuhi kabla duka halijachangamka au baada ya ukimya mrefu, na yaliyoingia vizuri ni ya wakati watu wengi wako kwenye mfumo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha huduma ya bure kwa mfumo unaopokea pesa. Kifurushi cha mwanzo cha kulipia cha Render kimekuwa dola 7 kwa mwezi, nacho hakilali. Kipuri kimoja kikubwa kisichouzwa kwa sababu mfumo umelala kinazidi hizo. Kuna ujanja unaosambaa wa kuweka programu nyingine iigonge seva yako kila baada ya dakika chache isisinzie. Kwa mradi wa mazoezi ni sawa, lakini kwa hela ya mteja usiutegemee, maana huduma ya bure inaweza kuwashwa upya wakati wowote. Na ya bure huisha: Heroku waliyafunga mafungu yao ya bure tarehe 28 Novemba 2022, na waliokuwa wameweka mifumo ya kazi humo ilibidi walipe au wahame.

Lakini kulipia ni nusu ya dawa. Hata seva isiyolala itakosa kolibeki siku moja, kwa sababu intaneti yenyewe hukatika katikati. Kwa hiyo mfumo wako usimtegemee mtumaji peke yake. Oda ikianza kulipiwa, iandike kwenye kanzidata ikiwa na hali ya "inasubiri" pamoja na namba ya kumbukumbu. Kolibeki ikifika, ihifadhi kama ilivyo, jibu 200 (yaani "nimepokea") mara moja, ndipo uanze kazi nyingine kama kutuma ujumbe kwa mteja au kupunguza stoo. Wengi huanza na kazi ndipo wajibu, mtumaji anachoka kusubiri, anatuma tena, na oda moja inahesabiwa mara mbili. Kinga ya hilo ni kuweka sharti la upekee kwenye namba ya muamala ndani ya PostgreSQL, na kuingiza kwa ON CONFLICT DO NOTHING. Ujumbe ukija mara tano, malipo yanabaki moja.

Halafu weka kazi ya ratiba inayopita kila baada ya dakika chache, inakusanya oda zote zilizosubiri zaidi ya dakika tano, na kuiuliza kampuni ya malipo: hii imelipwa au haijalipwa? Kazi hiyo ndogo ndiyo itakayomaliza malalamiko ya kukatwa hela, kwa sababu sasa mfumo unautafuta ukweli wenyewe badala ya kungoja kuletewa. Usisahau kulinganisha kiasi kilicholipwa na bei ya oda, na kuthibitisha kwamba kolibeki imetoka kwa kampuni yako ya malipo kwa saini au ufunguo waliokupa. Anwani yako iko hadharani. Mtu yeyote anayeijua anaweza kutuma ujumbe wa uongo kwamba amelipa gia boksi.

Na mashine ikizimwa wakati oda inaandikwa? Kabla ya kuzima, huduma hutuma ishara ya SIGTERM na kukupa sekunde kadhaa. Render na Heroku hutoa 30. Ikamate ishara hiyo, acha kupokea maombi mapya, maliza yaliyoko mkononi, funga miunganisho ya kanzidata. Hatua zinazotegemeana, kama kuandika oda na kupunguza stoo, zifunge kati ya amri za kanzidata BEGIN na COMMIT ili zifanyike zote au isifanyike hata moja.

Ripoti ya siku ni tatizo la saa. Kompyuta yako inafuata saa ya Dar. Seva nyingi za wingu zinafuata UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo tarehe yao inabadilika saa tisa usiku kwa saa yetu. Oda iliyoingia saa saba usiku ya Jumanne, seva inaihesabu Jumatatu. Zamani usingeligundua hili, kwa sababu usiku huo maduka yalikuwa yamefungwa. Tangu Kariakoo ianze biashara ya saa 24 mwaka 2025, mauzo ya saa hizo yapo na yanaonekana kwenye daftari.

Usijaribu kuongeza saa tatu kwa mkono huku na kule ndani ya msimbo. Utaongeza mara mbili mahali fulani na hutapaona. Safu ya muda iwe ya aina ya timestamptz, inayozingatia ukanda wa saa, na ubadilishe wakati wa kusoma tu: (muda_wa_oda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date. Kama safu yako ya sasa ni timestamp tupu na data imeshaingia kwa UTC, wakati wa kuibadilisha aina andika USING muda_wa_oda AT TIME ZONE 'UTC', la sivyo PostgreSQL itatafsiri muda huo kwa ukanda wowote utakaokuwa umewekwa kwenye muunganisho wako. Fanya kwanza kwenye nakala. Na kama una kazi ya ratiba inayofunga hesabu saa sita usiku, kwenye seva ya UTC iandikie 21:00.

Sasa swali lako lenyewe, la kuhamia wapi. Ukishafanya hayo, utakuwa na mfumo usiohifadhi chochote ndani ya mashine, na kuhama kutakuwa kazi ya jioni moja: unapeleka msimbo, unaweka vigezo vya mazingira, unageuza jina la tovuti lielekee kwenye anwani mpya. Ndipo uchague kwa umbali na kwa bei.

Kampuni kubwa tatu hazina kituo Tanzania, ila zimesogea. Microsoft walifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Render, kwa upande wetu, ya karibu zaidi ni Frankfurt. Je, umbali huo una uzito? Mwanga ndani ya nyuzi za kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Ulaya, tuseme London, ni kilomita 7,500 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 75, na kwa kuwa kebo hazinyooki ni zaidi ya hapo. Dar hadi Cape Town ni kama nusu yake. Kwa mteja anayeangalia bei ya pampu ya maji, tofauti hiyo peke yake haiudhi.

Kinachoudhi ni kutenganisha programu na kanzidata. Nimeona vijana wengi wakiweka programu Ulaya na kanzidata ya bure Marekani, kwa kuwa kila moja ilipatikana hapo bila malipo. Ukurasa mmoja wenye maombi 20 kwenye kanzidata, moja baada ya jingine, kila moja likitumia milisekunde 100 njiani, ni sekunde 2 kabla mteja hajaona kitu. Viweke vyote kituo kimoja. Ukilizingatia hilo, Frankfurt itakutosha mwaka huu.

Kuhusu ushauri wa kukodi seva nzima: bei yake haibadilikibadiliki, na utajifunza mengi. Lakini siku hiyohiyo unakuwa mlinzi wake. Masasisho ya usalama ni yako, ukuta wa moto ni wako, nakala za akiba ni zako, na vyeti vya HTTPS (vya kulinda mawasiliano ya tovuti) vya Let's Encrypt vinavyoisha kila baada ya siku 90 ni wewe wa kuhakikisha vinajihuisha. Kwa mtu mmoja mwenye mteja mmoja, nashauri usubiri. Ukifika maduka kumi, au mteja akitaka data ibaki nchini, basi ulizia watoa huduma wa hapa, wakiwemo kituo cha taifa cha data, NIDC, kilichopo Kijitonyama.

Popote utakapokuwa, kebo za baharini zitakuhusu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti hapa nchini ikayumba vibaya. Siku kama hiyo, ukurasa wa kaunta ukiweza kushika oda kwenye simu na kuituma mtandao ukirudi, duka linaendelea kuuza. Andika sehemu hiyo mapema, hata kwa umbo dogo.

Kanzidata usiiache kwenye fungu la bure pia. Kwa Render ya bure ina ukomo wa siku 30 tangu iundwe. Lipia yenye nakala ya kila siku, na juu yake uwe unachukua yako kwa pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala, angalau mara moja kwa wiki. Kisha irejeshe kwenye kompyuta yako uone oda zinafunguka, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hujui kama ni nakala.

Namba za simu na majina ya wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inagusa usajili wa wanaokusanya taarifa pamoja na kuzipeleka nje ya nchi, jambo ambalo unalifanya ukiweka kanzidata Frankfurt. Mwenye duka ndiye anayekusanya, kwa hiyo mweleze mapema, na muulize Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi anachopaswa kufanya. Wewe punguza mzigo wake kwa kutohifadhi usichokihitaji. Oda ya breki pedi haihitaji tarehe ya kuzaliwa.

La mwisho ni akaunti. Naamini huduma hiyo umeifungua kwa barua pepe yako na kadi yako. Kadi ikikosa salio siku ya kukatwa, duka zima linazimika huku mwenye duka hajui hata kampuni inaitwaje. Fungua akaunti kwa barua pepe ya duka, kadi iwe yake, wewe uingizwe kama msimamizi, na uweke tahadhari ya matumizi ikufikie bili ikikaribia kiasi mlichokubaliana. Mwandikie kwenye karatasi moja: huduma iko wapi, inalipwa tarehe ngapi, kanzidata iko wapi, jina la tovuti linaisha lini. Malipo yako ya kuutunza mfumo kila mwezi myaandike kwenye karatasi hiyohiyo, tofauti na bili ya wingu.